Kaye (daftari) ya mashine: namna ya kujua kinu cha kutengeneza na kinu cha kuuza

Hapa Lubumbashi mashine haiharibiki. Inakufa. "Mama, mashini imekufa," kijana wangu ananipigia simu, na mimi niko sokoni, komini ya Kenya, mtaa wa jiji letu, nabishania bei ya mahindi, sijui kama mkanda umekatika, kama mota imeungua, au kama umeme umekwenda tu na yeye hajaangalia taa. Kifo kimoja kinatengenezwa kwa dakika kumi na mkanda wa akiba. Kingine kinakula faida ya miezi miwili. Neno ni lile lile.

Nina vinu vitatu vya kusaga mahindi kule Katuba, vinu vya nyundo (vipande vya chuma vinavyozunguka ndani na kupiga mahindi), kila kimoja na mota yake ya umeme. Kwa miaka mingi niliviendesha kwa hasira. Kinu kikinisumbua mara mbili kwa wiki, naapa kukiuza; kikitulia mwezi, nakisahau. Kimoja nilikiuza kweli. Aliyekinunua alibadilisha kitu kimoja cha dola 40, na hadi leo kinasagia watu bunga la bukari, unga wa ugali, kule Ruashi. Nikipita pale naangalia upande mwingine wa barabara.

Aliyenitoa kwenye hasira ni mzee mmoja jirani, mstaafu wa migodi, aliyetunza pampu za maji ya mgodini karibu maisha yake yote. Siku moja alikuja kusaga akakuta tumefunga. Akauliza: "Hii inakufaka mara ngapi?" Nikasema: "Kila siku, papa." Akasema: "Kila siku ni mara ngapi?" Sikuwa na jibu. Jioni alimtuma mjukuu wake aniletee kaye ya kurasa mia na biki mbili. Haya ninayoandika ni yale aliyonifundisha, pamoja na yale niliyojifunza kwa pesa yangu mwenyewe.

Kwanza, amua kifo ni nini

Kabla ya kuhesabu lolote, kaa na watu wanaogusa mashine mkubaliane. Kwangu kifo ni hiki: umeme uko, mahindi yako, mteja yuko, na kinu hakiwezi kutoa unga unaokubalika. Umeme ukikatwa si kifo. Tukisimamisha wenyewe tugeuze nyundo si kifo. Mahindi yakiisha si kifo, ni umaskini, na una kaye yake.

Shida iko kwenye kufa nusu. Kinu kinazunguka lakini unga unatoka na chenga, au gunia lililokuwa linakwenda dakika 20 sasa linakwenda dakika 35. Kijana hatakwambia, kwa sababu kinazunguka. Wateja ndio watakaokwambia, kwa kwenda kwa jirani. Mimi nimeweka mpaka: gunia likizidi dakika 30, ninaandika kifo, hata kama mota inaimba. Wewe weka mpaka wako, lakini usiuhamishe katikati ya mwaka. Ukiuhamisha, kurasa za mwanzo na za mwisho zinakuwa za watu wawili wanaogombana.

Hesabu saa za kuzunguka, siyo siku

Hili ni la kwetu hasa. Mwezi una siku 30, lakini kwa mgao wa umeme tulio nao kinu changu cha kwanza kiliwahi kuzunguka saa 190 mwezi mmoja na saa 70 mwezi uliofuata. Kilikufa mara moja kila mwezi. Ukitazama kalenda utasema hali ni ile ile. Kumbe mwezi wa pili kilikufa baada ya kazi isiyofika nusu ya ile ya kwanza. Kalenda inadanganya kila mahali ambapo umeme unakuja na kuondoka.

Kwa hiyo nunua konta ya saa, kile kisaa kidogo kinachohesabu muda mashine inapozunguka tu. Fundi umeme aifunge kwenye kontakta ya mota, ile swichi inayoiwasha, ili isihesabu wakati taa zinawaka na kinu kimelala. Kama huna pesa yake sasa, andika saa ya kuwasha na ya kuzima. Au, kama kinu kina mita yake ya umeme, soma mita asubuhi na jioni, nayo itakupa picha ya karibu.

Ila saa peke yake haitoshi. Nyundo na chekeche hazichakai kwa saa, zinachakaa kwa mahindi yanayopita, kwa hiyo hizo nazihesabia magunia. Beringi naihesabia saa. Na mota nahesabu pia mara za kuwashwa, maana wakati wa kuanza kuzunguka mota inavuta umeme mara 5 hadi 7 ya ule wa kawaida. Siku ambayo umeme umekwenda na kurudi mara tisa mota imeteseka kuliko siku iliyowashwa asubuhi ikazimwa jioni, hata kama saa ni zile zile.

Saa, magunia, mara za kuwasha. Usiongeze safu nyingine kwa kila siku. Niliwahi kuchora safu kumi na moja kwa rula, nikafurahi nazo sana. Kijana akajaza mbili.

Kifo kikitokea, mstari wake unakuwa mrefu zaidi. Huu hapa mmoja kama ulivyo kwenye kaye:

"Kinu 2. Saa 1,030. Jumanne saa nne asubuhi. Beringi upande wa puli. Kelele tangu jana, hatukusimamisha. Kimesimama saa 11, kazi yenyewe saa 1 na nusu. Dola 22. Vinu 1 na 3 vilikuwa vinazunguka, mahindi mapya, yana unyevu."

Angalia vipande vyake. Kuna sehemu iliyokufa, siyo "kinu" tu. Kuna dalili ya kabla. Kuna muda wa kusimama na muda wa mkono, viwili tofauti. Na kuna yale yaliyokuwa yanaendelea pembeni. Hicho cha mwisho watu wanakiona kama hadithi isiyo na kazi. Mimi kiliniokolea mota.

Mota tatu na skrubu moja

Kinu cha kwanza kiliunguza mota mara tatu katika miezi 14. Kila mara dola 180 kwa fundi wa kusuka mota, kubobina tunavyosema hapa, na kila mara nilimshuku yeye: waya mwembamba, vanishi kidogo, mkono wa haraka. Nilimsema kwa majirani. Mota ya kwanza iliungua kabla sijawa na kaye, lakini ya pili na ya tatu ziliandikwa. Mzee akasoma mistari miwili akanyamaza, kisha akauliza ile ya kwanza iliungua siku gani. Kijana alikumbuka kwa sababu alikosa mpira: Jumamosi. Zote tatu Jumamosi jioni.

Jumamosi jioni ndipo vinu vyote vitatu vinazunguka pamoja, kila nyumba inataka bunga la Jumapili. Mzee akaja na kipima umeme, akasubiri vinu vyote viwake, akapima kwenye mota, faze kwa faze, maana umeme wa mota hizi unakuja kwa waya tatu na kila waya ni faze: volti 380, 375, 355. Akaandika hesabu pembeni mwa kaye, na nimeitunza. Wastani ni 370. Namba iliyo mbali zaidi na wastani ni 355, mbali kwa 15. Gawanya 15 kwa 370, unapata karibu 4 kwa mia. Sasa zidisha 4 kwa 4, halafu mara mbili: 32. Hiyo ndiyo asilimia ya joto linaloongezeka ndani ya mota kwa sababu faze haziko sawa. Karibu theluthi! Na mafundi wa mota wana kanuni yao ya zamani, kwamba kila nyuzi 10 za joto la ziada zinakata nusu ya maisha ya vanishi inayofunika waya.

Tukazima vinu viwili, tukaacha kimoja. Faze zikakaribiana. Basi ubovu haukuwa kwenye mota, ulikuwa mahali ambapo vinu vyote vitatu vinachota: swichi kuu, yangu mwenyewe, ukutani kwangu. Skrubu ya faze moja ilikuwa imelegea, plastiki yake imekuwa ya kahawia kama ukoko wa mkate. Kikizunguka kinu kimoja inavumilia. Vikizunguka vitatu inapata moto na volti inaanguka.

Dola 540 kwa skrubu. Fundi wa kubobina nilimpelekea kuku.

Tangu siku ile kila mota ina kifaa kidogo kinachokata umeme faze moja ikidhoofika, na skrubu zote zinakazwa mwanzo wa kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa kabisa, siyo "umekwenda". Umeme uliokwenda unarudi bila kubisha hodi. Na mapezi ya mota, zile mbavu za nje zinazotoa joto, yanasafishwa kila wiki wakati wa kiangazi. Vumbi letu jekundu likichanganyika na unga linakuwa blanketi, na mota iliyofunikwa blanketi inaungua hata kama faze ziko sawa.

Wastani, na pale unapokudanganya

Hesabu ya kwanza ni rahisi: chukua saa zote kinu kilizozunguka, gawanya kwa idadi ya vifo. Saa 1,200, vifo 6, wastani ni saa 200 kati ya kifo na kifo. Namba hii inafaa kulinganisha mwaka huu na mwaka jana, au kinu changu na cha jirani kama naye anaandika.

Lakini watu wakishaipata wanaigeuza kuwa ahadi. "Kina saa 150, bado kina 50." Hapana. Kama vifo vinakuja ovyo, bila mpango, basi ukiwa na mashine 100 zenye wastani wa saa 200, karibu 63 zitakuwa zimekufa kabla ya kufika saa 200. Mzee alikuwa akisema wastani si miadi.

Ubaya mkubwa zaidi ni huu. Vinu vyangu viwili, cha kwanza na cha pili, mwaka mmoja vilimaliza sawasawa: saa 1,200, vifo 6, wastani 200. Ukitazama namba hiyo tu ni mapacha. Sasa soma konta ilionyesha ngapi kila kilipokufa.

Kinu 1: saa 90, 260, 410, 640, 790, 1,010.

Kinu 2: saa 400, 700, 890, 1,030, 1,120, 1,180.

Kinu 1 kinakufa huku na huku. Kinu 2 kilianza kwa saa 400 za amani, kisha 300, kisha 190, 140, 90, 60. Kile kinakwenda kaburini, na wastani wake unanitabasamia.

Ukiwa na namba nzuri kama hizi macho yanatosha. Kwa kawaida si nzuri hivi, na hapo kuna hesabu ndogo yenye jina la Laplace, Mfaransa wa zamani wa hesabu. Simu yako inaiweza. Jumlisha zile saa za vifo, gawanya kwa idadi yake. Kinu 1 inatoka 533. Kinu 2 inatoka 887. Linganisha na nusu ya saa zote, yaani 600. Ikiwa chini au karibu, kinu hakizeeki. Ikiwa juu sana, vifo vimerundikana mwishoni.

Juu sana ni kiasi gani? Zidisha idadi ya vifo kwa 12, tafuta kipeuo chake cha pili, gawanya saa zote kwa hicho. Kwa vifo 6: 12 mara 6 ni 72, kipeuo chake ni karibu 8.5, na 1,200 kwa 8.5 ni 141. Kinu 2 kimepita 600 kwa 287. Gawanya 287 kwa 141: unapata 2 na kidogo. Ikifika 2, acha kusema ni bahati mbaya. Kinu 1 kiko chini ya 600 kwa 67, ambayo haifiki hata nusu ya 141, kwa hiyo nakiacha kilale.

Usifanye hesabu hii kwa vifo viwili au vitatu. Utajitisha bure au utajifariji bure. Binti yangu anayesoma politekniki ananichorea pia mistari ya Weibull kwenye kompyuta, yule Msweden aliyeandika kuhusu jambo hili mwaka 1951. Ni nzuri, ila inataka vifo vingi kuliko ninavyoweza kuvilipia.

Kabla ya kusema "kimezeeka"

Hapa ndipo nilipouza kinu cha Ruashi, kwa hiyo soma polepole.

Vifo vikianza kukaribiana, usiangalie kinu. Angalia safu ya sehemu. Vifo vya kinu 2 vilikuwa sita, na vitano kati yake ni beringi, tena ile ile ya upande wa puli, gurudumu la mkanda. Kinu chenye ugonjwa mmoja hakijazeeka. Kina kitu kinachoua beringi.

Tulitoa beringi ya tano tukaitazama juani. Tundu lake la ndani lilikuwa linang'aa kama sarafu, maana yake ilikuwa inateleza juu ya shafti, ule mhimili unaozunguka, badala ya kushikana nayo. Shafti ilikuwa imelika, nyembamba kidogo tu. Kwa ukucha unaisikia, kwa jicho huioni. Kila beringi mpya ilikaa imelegea, ikatikisika, ikaila shafti zaidi, na ndiyo maana kila moja iliishi muda mfupi kuliko dada yake. Tukaipeleka shafti kwa fundi wa kukereza chuma, akaijaza na kuikereza upya, dola 65. Kinu hicho baadaye kilizunguka saa 700 na zaidi kabla ya kifo kilichofuata, na hicho kilikuwa cha mkanda.

Nani alianza kuila shafti? Sisi. Kwenye kaye, mstari wa matengenezo siyo wa vifo, kuna siku kijana alibadilisha nyundo mbili zilizovunjika akaacha nyingine za zamani. Nyundo mpya ni nzito kuliko zilizolika. Kinu kinachozunguka kwa kasi ile kikiwa na uzito upande mmoja kinajipiga chenyewe. Nyundo hubadilishwa seti nzima, na zinazokabiliana zipimwe kwenye mizani zilingane. Andika matengenezo yako pia, kwa sababu baadhi ya vifo vinaanzia kwenye mkono uliokuja kuponya.

Sasa kinyume chake. Kama vifo vinakaribiana na kila mara ni sehemu nyingine, leo beringi, kesho mwili wa kinu umetoboka, kesho kutwa mguu umepasuka kwenye weldi, hapo sasa unaongea na mzee. Magonjwa mengi kwa mtu mmoja.

Muda wa kusimama

Vifo sita vya kinu 2 vilinisimamisha saa 61 kwa jumla, nikihesabu zile saa tu ambazo umeme ulikuwapo. Kazi ya mikono ilikuwa saa 9. Saa 52 zilizobaki zilikwenda wapi? Kumtafuta fundi. Kwenda mjini kununua beringi. Kurudi mjini kwa sababu beringi ni ya namba nyingine. Kusubiri pesa. Mara moja mwenye duka alikuwa kwenye matanga, na haiwezekani kumkasirikia.

Kinu kilichozunguka saa 1,200 na kusimama saa 61 kilikuwa tayari kwa kazi asilimia 95. Ningekuwa na vipuri ndani, kusimama kungeshuka hadi saa 18 hivi, na utayari ungepanda hadi asilimia 98.5. Bila kubadilisha chochote kwenye kinu! Ndiyo sababu nasema, kama una dola 100 tu za kutumia, usizipeleke kwanza kwenye mashine. Nunua sanduku lenye kufuli: beringi mbili za namba sahihi, seti kamili ya mikanda (mkanda mpya mmoja kati ya wazee wawili utabeba mzigo wote na kukatika), fyuzi, chekeche moja. Andika namba za vipuri kwa rangi kwenye mwili wa kinu, herufi kubwa, ili hata anayetumwa asikosee. Ufunguo kaa nao wewe.

Kipi cha kubadilisha kabla hakijafa

Fundi wengi watakwambia badilisha kila kitu mapema, ulale. Wanauza vipuri pia.

Kaye inajibu vizuri zaidi. Kona ya nyundo zangu inakwisha kati ya gunia la 310 na la 360. Haipungui sana, haizidi sana. Kitu kinachokufa kwa umri unaojulikana hivyo, kipangie siku: nageuza kwenye gunia la 300. Nyundo yenye matundu pande zote mbili ina kona nne za kutumia, kwa hiyo seti moja inanisagia magunia 1,200 kabla haijaenda kwa mnunuzi wa vyuma.

Mota zangu zilikufa bila umri wowote, kwa skrubu. Kuibadilisha mota kila mwaka kungekuwa kuchoma pesa. Inalindwa, inasafishwa, basi.

Beringi iko katikati. Watengenezaji wanatoa namba ya saa ambayo beringi 10 kati ya 100 zitakuwa zimekufa. Wengi wanaisoma kama siku ya kufa ya zote. Zile 90 bado ni nzima! Ukizitoa unatupa afya, na kila ukifungua kinu unaweza kukifunga vibaya. Kwa hiyo sibadilishi kwa saa, nasikiliza: kila Jumatatu bisibisi ndefu, ncha kwenye nyumba ya beringi, mpini kwenye sikio, mkono mbali na mkanda. Sauti ya mvua ndogo ni nzuri. Sauti ya kokoto, agiza beringi leo, ifungwe kesho asubuhi kabla wateja hawajaja.

Watu wa ndege waliligundua hili zamani. Nowlan na Heap, wahandisi wa United Airlines, waliandika ripoti mwaka 1978 ikionyesha kwamba kati ya vifaa 100 vya ndege, 89 havikupata faida yoyote kwa kuwekewa umri wa kutolewa. Kinu si ndege, na nyundo zangu ziko kwenye wale 11. Lakini tangu nisomewe hilo, fundi akisema "tubadilishe tu, mama," namwomba kaye.

Kuuza

Kinu cha tatu nilikinunua kipya, dola 1,800. Kila mwisho wa mwaka niliandika namba mbili: nimetumia nini kukitengeneza, pamoja na faida niliyokosa kikiwa kimelala, na ningekiuza leo ningepata ngapi. Mwaka wa kwanza nilikadiria kwa risiti.

Matengenezo na hasara kwa mwaka: 150, 250, 400, 650. Bei ya kuuzia mwisho wa kila mwaka: 1,200, 900, 700, 550.

Sasa uliza: nikikaa nacho mwaka mmoja tu, kila mwaka kimenigharimu ngapi? Nimepoteza 600 ya bei na 150 ya matengenezo, ni 750. Nikikaa miwili, jumla 1,300, kila mwaka 650. Mitatu, jumla 1,900, kila mwaka 633. Minne, jumla 2,700, kila mwaka 675. Inashuka, inashuka, kisha inageuka. Pale inapogeuka ndipo pa kuuza. Njia fupi: mwaka unaokuja ukitazamiwa kula zaidi ya wastani wako mpaka leo, usiuingie. Mwaka wa nne peke yake ulikula 800, wakati wastani ulikuwa 633.

Niliuingia, nikachelewa mwaka mmoja, kwa sababu nilikuwa nakipenda. Kilikuwa na vifo 9 katika sehemu 7 tofauti, mwili wake umeshapigwa viraka viwili. Nilimwonyesha mnunuzi kaye yote, kurasa za viraka pia. Nilidhani atakimbia. Alipunguza dola 50 akalipa, akasema ni mara ya kwanza kununua kitu na kujua anachonunua. Akaiomba na kaye. Nilimruhusu apige picha.

Kipya kilipofika nilifungua ukurasa mpya na konta kwenye sifuri, na mzee akanionya nisianze kulia mapema: mashine mpya ina vifo vyake vya utoto, boliti ambazo hazikukazwa, mkanda unaotafuta njia yake. Viandike lakini viweke mbali na hesabu ya wastani mpaka vitulie. Ilikuwa hivyo. Saa 11, boliti ya mguu imelegea. Saa 26, mkanda umetoka kwenye puli. Saa 31, tena mkanda. Puli hazikuwa kwenye mstari mmoja, tumenyoosha kwa uzi. Saa 58, boliti ile ile, tumeweka nati ya pili.

Leo asubuhi konta inasoma 412, na chini ya saa 58 ukurasa bado ni mweupe.